Anza na majaribio mafupi, video zisubiri

Mwalimu, pole na darasa la watu 300. Umesema wanaingia Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni, kupakua slaidi tu, na ukiwawekea video wanalalamikia bando. Wana haki. Saa moja ya video inakula mamia ya MB, ilhali sauti ya dakika 10 iliyobanwa kwa kbps 32 (kilobiti 32 kwa sekunde) haifiki MB 3. Warekodie sauti, kisha wapakue kila kitu kwenye programu ya Moodle ya simu wakiwa kwenye Wi-Fi ya chuo. Hosteli watasoma bila intaneti.

Ila nguvu zako ziweke kwenye jaribio fupi la kila wiki. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kuwa waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu. Tengeneza benki ya maswali, na kila jibu la kosa liandikie maelezo, mfano kwenye swali la takwimu: “Umegawanya kwa n badala ya n−1, rudi slaidi ya 14.” Kazi hiyo inachosha kweli, lakini usiiruke, ndiyo inayofundisha. Alama ziwe chache, wasishawishike kunakili. Kabla ya kipindi fungua ripoti ya jaribio kwenye Moodle, uone swali lililowaangusha wengi, uanze nalo darasani.