Vipele baada ya chai ya mitishamba si "uchafu unaotoka"

Swali: Daktari, mtoto wangu ana miaka mitatu. Akinywa maziwa ya ng'ombe au akila yai, hutoka vipele usoni na kutapika. Jirani alinipeleka kwa muuzaji wa mitishamba, nikapewa unga wa chai wenye kamomili, mchaichai na mimea mingine. Nimpe kikombe asubuhi na jioni kwa siku 21, kisha nimrudishie maziwa. Leo ni siku ya nne na vipele vimeongezeka. Muuzaji anasema ni uchafu unatoka. Niendelee?
Mama Imani, Umoja

Jibu: Acha leo, Mama Imani. Hata iliyobaki kwenye birika usimpe, na hayo maziwa ya siku ya 21 yasahau. Unga wenyewe usiutupe. Ufunge vizuri uje nao kliniki, tutauhitaji.

Hayo maneno ya "uchafu unatoka" nayasikia karibu kila wiki na bado yananiuma. Mtoto akipata nafuu, wanasema dawa imefanya kazi. Akizidiwa, wanasema ndiyo inafanya kazi zaidi. Mzazi anabaki bila pa kusimama aseme hapana, na mtoto anajikuna hadi damu. Taka za mwili hushughulikiwa na ini na figo. Ngozi haina kazi ya kutoa "sumu ya chakula". Vipele vinavyovimba na kuwasha ni kinga ya mwili imekiona kitu kama adui, ikamwaga histamini, kemikali inayoleta uvimbe na muwasho. Huo ndio mzio, au aleji. Mwili unakataa kitu, na kitu hicho ama kimo ndani ya chai, ama ni chakula ambacho mtoto bado anakula bila wewe kujua.

Mama mmoja aliniletea unga kama wako ndani ya bahasha ya kaki. Tuliumwaga kwenye karatasi nyeupe mezani. Kulikuwa na vipande vya maua ya njano, mbegu zilizopondwa zenye harufu ya shamari, vumbi la mdalasini, na vijiti ambavyo mimi na yeye tulishindwa kuvitambua. Bahasha haikuwa na maandishi yoyote. Mtoto wake alikuja kwetu na vyakula viwili vinavyomdhuru, sasa tukawa na mimea mitano au sita ya kushuku pamoja navyo.

Kamomili ni wa jamii moja na alizeti na pareto. Mtoto anayesumbuliwa na chavua za jamii hiyo anaweza kudhurika akinywa chai yake. Shamari ni ndugu wa dania, karoti na bizari nyembamba. Anayekuambia "ni ya asili, haina kemikali" mkumbushe kwamba maziwa na yai pia ni vya asili, na ndivyo vinavyomtapisha Imani. Wala usitulizwe na kwamba siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Mara nyingi mwili hukutana na kitu kwanza, ukajiandaa, halafu mzio ukaonekana baadaye.

Kuna hatari nyingine isiyohusu mzio kabisa. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wasinywe chai ya anisi nyota, tunda kavu lenye umbo la nyota, baada ya watu kadhaa kuugua, wakiwemo watoto wachanga walioshikwa na degedege. Ile ya Kichina ni kiungo cha kawaida, ile ya Kijapani ina sumu, na zikishakauka zinafanana sana. Zikisagwa, hakuna jicho litakalozitenganisha.

Sasa hizo siku 21. Hakuna chai inayofundisha mwili kuvumilia maziwa. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na yai huondokewa nao wanavyokua, wengine kabla ya kuanza shule, wengine baadaye sana. Ndiyo sababu muuzaji ana akina mama wanaomshuhudia kwa ukweli wa moyo: mtoto alipona kwa umri, sifa ikaenda kwa bahasha. Kuna na yule ambaye hakupona, akapewa kikombe kizima cha maziwa kwa sababu kalenda imefika. Kurudisha maziwa kwa mtoto kama Imani kunafanyika hospitalini, kwa kiasi kidogo sana kinachoongezwa polepole, sindano ya adrenalini, ile ya dharura ya mzio mkali, ikiwa tayari.

Kabla hatujaonana, angalia unga wa uji. Ule mchanganyiko wa kisiagi mara nyingi una soya, njugu na omena, wakati mwingine na maziwa ya unga. Nunua wimbi peke yake, ulichambue mwenyewe, na uombe lisagwe baada ya mahindi, si baada ya njugu.

Mtoto akitaka kitu cha moto, maji ya uvuguvugu yanatosha. Mimea, hata mchaichai wa shambani kwako, iache kwanza mpaka ngozi itulie na tujue kinachomdhuru. Chai yenye tanini, vile vitu vinavyoipa ukakasi, ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya ndengu na sukuma wiki kufyonzwa, na mtoto asiyekula yai anayahitaji sana.

Tena, usimpeleke kwenye ile mashine ya kushika chuma mkononi halafu kompyuta inatoa kurasa za magonjwa. Haipimi mzio. Nimeona mtoto aliyekatazwa vyakula zaidi ya thelathini kwa karatasi hiyo, akaishi kwa wali na ndizi mpaka mbavu zikahesabika. Mzio tunaupima kwa historia mnayotupa, kwa kudunga ngozi kidogo, au kwa damu, na hata hapo majibu husomwa pamoja na yale yaliyompata mtoto alipokula.

Akivimba midomo au ulimi, sauti ikakwaruza, akakoroma kifuani, akatapika mfululizo au akalegea, kimbia hospitali iliyo karibu na uwaambie mlangoni kwamba ni mzio. Na jirani akileta maziwa "yazime sumu", kama wengi wetu tulivyolelewa kuamini, mzuie. Imani hayawezi.