Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitafuta kipeo cha 32 cha 2, nikajumlisha 1, nikapata 4,294,967,297. Nimeigawanya kwa kila namba tasa kuanzia 3 hadi 97, na kila mara imebakiza. Je, nayo ni tasa, au nalazimika kuendelea hadi kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho kinazidi 65,000?

JIBU: Ndugu msomaji, namba hiyo si tasa, ingawa Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, naye aliidhania hivyo. Aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo hupatikana kwa kujumlisha 1 kwenye vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16 vya 2, zote ni tasa, akaamini kwamba zinazofuata zitakuwa vivyo hivyo. Namba yako ndiyo inayofuata. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641 bila kubakiza, na jawabu ni 6,700,417.

Hukuwa na haja ya majaribio mengi. Kila kigawo tasa cha namba hii ni lazima kibakize 1 kinapogawanywa kwa 64, jambo ambalo Euler alilithibitisha baadaye. Zile namba 24 ulizojaribu hazikutimiza sharti hilo hata moja. Zinazolitimiza ni 193, 257, 449, 577, kisha 641 yenyewe, yaani majaribio matano tu.

Unaweza hata kuiacha kazi ya kugawanya. Tazama kwamba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na papo hapo ni 5⁴ + 2⁴. Kwa kuwa 5 × 2⁷ imepungua 1 tu kuifikia 641, kipeo chake cha nne, yaani 5⁴ × 2²⁸, kikigawanywa kwa 641 hubakiza 1. Ongeza hapo 2⁴ × 2²⁸, ambayo ni 2³², upate 641 × 2²⁸, isiyobakiza kitu. Basi 2³² peke yake imepungua 1 kufikia kigawe cha 641, na ile 1 uliyojumlisha ndiyo inayoikamilisha.

Sifa ninayoipenda zaidi ni hii: namba yako ni mraba wa 65,536 ukijumlisha mraba wa 1, lakini pia ni mraba wa 62,264 ukijumlisha mraba wa 20,449. Namba tasa haiwezi kamwe kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo hata asiyeijua 641 angeitambua namba hii kuwa si tasa.

Kuhusu 6,700,417, hiyo ni tasa kweli. Ukitaka kujihakikishia, jaribu namba tasa zinazotimiza sharti lile lile la 64, kuanzia 641 hadi 2,588, kwa sababu kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589.