Mwenyekiti akanywe chai kwingine

Kila mwaka vijana wa tasnifu hapa Mbeya wananiletea dodoso lenye swali lilelile: "Je, unaamini taarifa za vyombo vya serikali? Ndiyo/Hapana." Wadogo zangu, someni hii kabla hamjapanda kosta.

1. Mtendaji akishagonga mhuri kwenye barua ya utambulisho, aganeni naye hapohapo. Juzi Rungwe nilimkuta kijana wangu sebuleni kwa bibi mmoja, na mwenyekiti wa kitongoji kajaa katikati yao na kikombe cha chai. "Bibi, unaamini taarifa ya habari?" Bibi akamtupia jicho mwenyekiti. "Mjukuu wangu, serikali ni baba yetu." Tiki kwenye Ndiyo! Kijana ananiambia kwa furaha kijiji kizima kinaamini. Kijiji kizima alikizunguka na mwenyekiti huyohuyo. Simu ya mwenyekiti ikaita, akatoka nje. Bibi akasogeza kigoda: "Hebu niambieni, ile mbolea ya ruzuku wanayoitangaza redioni inauzwa duka gani? Mie sijaiona." Jibu la swali ndilo hilo, na kwenye tableti halikuingia.

2. Msikimbilie upande wa pili mkadai wote wanaigiza. Najua mnaipenda Bucharest ya 21 Desemba 1989: umati uliokusanywa kumshangilia Ceaușescu, mtawala wa Romania, ukamzomea, na tarehe 25 akapigwa risasi. Sawa. Ila Urusi, mapema 2015, watafiti walitumia orodha: kundi moja linapewa majina ya wanasiasa watatu, jingine hayohayo pamoja na Putin, na mhojiwa anataja idadi tu ya anaowaunga mkono. Tofauti ya wastani wa makundi hayo ikaonesha takriban asilimia 80 wanamuunga mkono Putin, bila mhojiwa kulazimika kumtaja. Jifunzeni mbinu hiyo.

3. Ulizeni jambo mojamoja. Bei ya viazi mkulima wa Makambako anaijua kuliko mtangazaji. Vita vya nchi ya mbali atavithibitishia wapi?

4. Na chaneli za nje si dawa. Dresden, Ujerumani Mashariki, haikunasa vizuri televisheni za Magharibi. Uchambuzi uliochapishwa 2009, uliolinganisha huko na maeneo yaliyozinasa, ulionesha kwamba kuzitazama kuliwafanya watu waridhike zaidi na utawala wao. Burudani, jamani! Hata nyumbani kwangu tamthilia ikianza hakuna anayekumbuka kulalamikia umeme.

5. Njombe mwezi wa saba bebeni sweta. Na dodoso likirudi kwangu na "Ndiyo" mia kwa mia, mtarudi Tukuyu kwa nauli yenu.