Bei ya sukari haipangwi kwenye mizani yangu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza hivi: vyakula vya msingi vikipanda bei, Serikali ipange bei, ifungue mipaka bidhaa ziingie, au iliachie soko? Mmetupa majibu matatu tuchague moja, kama mtihani wa darasa la saba. Mimi nina duka la rejareja Kihonda, Morogoro. Watoto wa mtaani wananiita mangi, ingawa kwetu ni Kilosa na Moshi sijawahi kufika. Nitajibu kwa sukari, maana ndiyo iliyonitoa jasho, na kwa sabuni, maana ndiyo iliyomtoa jasho baba yangu.

Mkoa wetu una viwanda viwili vikubwa vya sukari, Kilombero na Mtibwa. Mgeni akija hapa akaambiwa hakuna sukari atadhani anataniwa. Lakini Januari 2024 ndivyo ilivyokuwa. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilijaza maji mashamba ya miwa, wakataji na matrekta hawakuweza kuingia, na muwa ulioshiba maji hautoi sukari kama kawaida. Kilo tuliyokuwa tukiuza chini ya elfu tatu ikafika elfu nne, na kuna mikoa walinunua kwa zaidi ya hapo. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi kwa kanda. Rejareja ikawekwa karibu na shilingi 3,000, juu kidogo au chini kidogo kulingana na mahali, na atakayeuza zaidi akaambiwa atachukuliwa hatua.

Redioni tangazo lile lilipendeza. Mteja wangu mmoja, mama anayeuza chai na maandazi stendi, alikuja siku ileile mkono umeshika elfu tatu, anatabasamu. Sikuwa na la kumwambia.

Mfuko wa kilo 50 nilikuwa nimeununua duka la jumla kwa shilingi 185,000. Gawa mwenyewe, ni 3,700 kwa kilo, na bajaji bado haijalipwa. Nikiuza kwa elfu tatu nampa kila mteja shilingi mia saba kutoka mfukoni mwangu. Risiti niliyopewa ilisema 140,000. Nilipouliza, yule kijana wa kaunta hakuinua hata macho: "Ukitaka mzigo ndiyo hiyo, hutaki kuna watu nyuma yako." Na kweli watu walikuwepo. Aliyekuwa nyuma yangu akaambiwa mifuko miwili ya sukari inakwenda na katoni tano za tambi, zile ambazo hazitembei tangu mwaka juzi. Akazibeba. Kwa hiyo kwenye karatasi mwenye jumla ni raia mwema, na mimi ndiye mlanguzi.

Maofisa walikuja siku ya Alhamisi, wawili, pamoja na mgambo mmoja aliyesimama mlangoni kama vile nitaruka dirisha. Walikuwa na adabu, siwasemi vibaya. Waliuliza bei ya sukari. Nikasema sukari sina. Wakatazama shelfu, wakatazama pale kwenye mizani, wakabandika karatasi ya bei elekezi kwenye nguzo ya mlango kwa gundi yao wenyewe, wakaondoka. Chini ya kaunta, ndani ya ndoo ya unga wa dona, palikuwa na kilo nane. Nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya wateja wangu wa kila siku, wale ninaowajua kwa majina ya watoto wao. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na futari ya uji usio na sukari inajulikana. Nilipofunga duka jioni ile na kuifungua ndoo, nilimkumbuka baba hadi nikakaa chini.

Masika ya 1983 tulikuwa Kilosa, mimi msichana wa shule ya msingi. Baba alikuwa na kibanda kidogo: chumvi, viberiti, mafuta ya taa yakipatikana. Bei zilikuwa zinapangwa na Tume ya Taifa ya Bei, iliyoundwa 1973, na bidhaa zilipitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC, halafu maduka ya ushirika, kwa mgawo. Bei ya sabuni ilikuwa nzuri kabisa. Sabuni ndiyo haikuwepo. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka kupanga foleni kwa mawe: unaweka jiwe lako alfajiri, unakwenda shamba, unarudi kulishika. Wanakumbuka na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, uliopewa jina kwa rangi ya jezi.

Kisha Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria maalumu ikapitishwa, na mahakama yake haikuruhusu dhamana wala wakili. Watu wengi walimpenda Sokoine na wanampenda hadi leo, kwa sababu aliwagusa wakubwa waliokuwa hawagusiki. Nami simsemi, alifariki kwa ajali ya gari hapa mkoani kwetu, Dakawa, Aprili 1984 na nchi ililia. Ninachosema ni kwamba hofu ikishuka kutoka juu haichagui. Watu walimwaga mali mitoni na porini. Baba alikuwa na miche kumi na moja ya sabuni chini ya kitanda, aliyoipata kwa kubadilishana na mahindi. Usiku akaichimbia nyuma ya nyumba, kwenye mihogo.

Mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya nne asubuhi, povu. Povu jeupe linatoka ardhini katikati ya mihogo, linateremka na kijito cha maji mpaka njiani, mbele ya macho ya kila anayepita kwenda kisimani. Sisi watoto tulicheka, tukachapwa. Mama alikuwa anamwagia majivu huku analia, na yale majivu yakawa yanafanya matope ya kijivu yenye povu. Bahati nzuri balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mzima. Alipita, akatazama, akasema mihogo ya mwaka huu itakuwa safi sana, akaendelea na safari yake.

Sasa, juu kabisa, tangu miaka michache nyuma, wakubwa walikuwa wanabishana kwa lugha nyingine. Edwin Mtei alijiuzulu Uwaziri wa Fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Rais, Mwalimu Nyerere, kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi. Mwaka mpya wa 1980 Mwalimu akahoji tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Swali zuri, na heshima ya nchi ilikuwa ndani yake. Ila vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza fedha za kigeni, viwanda havikuwa na malighafi, na wala hoja ya Mtei wala ya Mwalimu haikuweza kutengeneza sabuni. Iliporudi ilirudi kwa njia ya kawaida sana: bajeti ya 1984, chini ya Cleopa Msuya, iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizitoa wapi. Bajeti hiyohiyo iliondoa ruzuku ya sembe, na hilo liliuma, nisije nikaonekana nasifia tu. Mzee Mwinyi alipoingia 1985 mlango ukafunguka zaidi, ndipo akaitwa Mzee Ruksa. Sabuni ilikuwa ghali. Mama alisema ghali iliyopo unaweza hata kuikopa, rahisi isiyopo utaikopa kwa nani?

Mtasema basi huyu mama anataka soko huria. Hapana, subirini. Mafuta ya petroli yanapangiwa bei nchi hii na mimi naunga mkono. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na kituoni kuna bango kubwa na pampu yenye tarakimu. Meli zinazoleta ni za kuhesabika, maghala yanajulikana, na bei inafuata soko la dunia, kwa hiyo muuzaji hauzi kwa hasara. Yalipopanda sana mwaka 2022, Serikali haikumwambia mwenye kituo ajifanye hajaona: iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Hata huko ujanja upo. Mwaka 2023 vituo kadhaa vilifungiwa kwa kuficha mafuta vikisubiri bei mpya. Lakini mwizi wa mafuta anaonekana. Mwizi wa sukari mtamtafuta kwenye maduka elfu ngapi, kwenye ndoo ngapi za dona?

Na sukari yenyewe ilikwisha kupangiwa bei zamani kabla haijafika kwangu. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa sukari ya nje ni asilimia 100, ili kulinda viwanda vya ndani. Sina ugomvi na ulinzi huo, vijana wetu wengi wanakula kupitia miwa. Ila maana yake ni kwamba hakuna mfanyabiashara wa kawaida atakayeleta sukari bila kibali na nafuu ya ushuru. Kibali kikitoka Novemba, meli inafika watu wakiwa na akiba. Kikitoka Februari, sisi tunagombania mifuko kwenye duka la jumla. Bei inaamuliwa siku kibali kinaposainiwa, na kwa jina la nani. Elfu tatu ya kwenye nguzo yangu ni mkia tu.

Bungeni Juni 2024 waliligusa hilo, halafu likawapotea. Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alisema viwanda vilipewa vibali vya kuagiza na havikuleta sukari kwa wakati. Mbunge wa Kisesa, Luhaga Mpina, akadai waziri amelidanganya Bunge na kwamba vibali vilitolewa kwa kampuni zisizostahili. Ikaisha kwa Mpina kusimamishwa vikao 15. Mjadala ukawa wa nani kamvunjia nani heshima. Sheria ya Fedha ya mwaka ule ikampa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, uwezo wa kuagiza na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo, na hiyo kwangu ndiyo habari kubwa kuliko kelele zote, lakini dukani hapa sikumsikia mtu hata mmoja akiizungumza.

Jibu langu basi ni hili. Pangeni bei ya kitu mnachoweza kukiona ghalani na kukifidia. Kwa sukari, kabla ya kuniletea mgambo, bandikeni vibali: nani kapewa, tani ngapi, meli inafika lini, na kwenye ghala la akiba kuna nini leo. Na maofisa wakitoka waanzie duka la jumla, wasimame pale kaunta saa moja tu wasikilize bei inayotajwa kwa mdomo, kisha wasome inayochapwa. Kuhusu mfumuko wa bei sina la kuongeza. Januari ile ulitangazwa kuwa asilimia tatu hivi, na yule mama wa maandazi akaniuliza asilimia tatu ya nini, nikamwambia ya vitu vyote kwa pamoja, pamoja na kodi ya nyumba na nauli. Akasema yeye hanywi nauli.

Sukari siku hizi ipo. Karatasi ya bei elekezi bado iko kwenye nguzo, imefubaa, mtoto mmoja ameichora masharubu kwenye nembo. Wiki iliyopita nilikwenda duka la jumla lilelile nikamwomba yule kijana aniandikie risiti ya bei kamili niliyolipa. Akashangaa kweli. "Mama, bei kamili ya nini tena, si mzigo upo?"

Mwenye duka, Kihonda, Morogoro