Rotala macrandra inayooza shina Arusha

Pole dada, umeuliza kwa nini Rotala macrandra yako, ule mmea mwekundu wa ndani ya tangi la samaki, inaoza shina. Shina likioza chini huku kilele bado chekundu, usikimbilie mbolea. Angalia maji kwanza. Maji mengi ya visima vya Arusha yana bikaboneti nyingi na floridi, na Rotala macrandra hutaka maji laini, yaani yenye madini machache. Kinga ya mvua, tupa ya dakika 15 za mwanzo maana imeosha vumbi la bati, kisha changanya ndoo 3 za mvua kwa 1 ya bomba. Kila lita 10 za mvua tia gramu 1 ya chumvi ya Epsom na gramu 1 ya jasi safi (salfeti ya kalsiamu); bila kalsiamu majani mapya hujikunja.

Kaboni dioksidi, gesi inayoingizwa kwenye maji ya tangi, iwe kama miligramu 30 kwa lita, ifunguliwe saa moja au mbili kabla ya taa. Taa kwa saa 8 kila siku zatosha.

Na upandaji! Shina lake ni laini mno, likibanwa kidogo tu huoza hapohapo. Kata sentimita 10 za juu kwa mkasi mkali, ondoa majani ya chini, chomeka moja moja kwa kibano, sentimita 3 ndani, ukiacha nafasi mwanga ufike chini. Mashina ya zamani yatupe.