Mlioniuliza ninafanya kazi gani hasa huku Uingereza

Wadogo zangu mliomaliza Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, maswali yenu nimeyapata. Wengi mnataka kujua kama kweli nafanya kazi ya ustawi wa jamii au nami nabeba maboksi kama wengine. Wengine mnasema ugonjwa wa mtoto kukataa chakula ni wa Wazungu, huku kwetu mtoto akinyimwa siku mbili atakula tu. Mnauliza pia kama inalipa. Na mmoja wenu amenieleza habari za mtoto wa dada yake, ambazo zimenikosesha usingizi. Nawajibu wote hapa, bila kuwaficha.

Nafanya kazi London, kwenye kliniki ya NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku, ya watoto na vijana wenye maradhi ya ulaji. Wengi wana anoreksia: mtoto anapunguza chakula mpaka mwili unaanza kujila wenyewe, na bado akijitazama anajiona mnene. Wengine wana bulimia: wanakula kwa pupa kwa siri, kisha wanajitapisha au wanameza dawa za kuharisha. Huko nyumbani hili linaitwa deko. Jamani, anoreksia ni kati ya maradhi ya akili yanayoua watu wengi zaidi. Mapigo ya moyo yanashuka, hedhi inakatika, mifupa inadhoofika, mtoto anatetemeka kwa baridi wakati wenzake wamevaa fulana. Na aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa wingi ghafla, fosfati, madini ambayo mwili unayahitaji, inaweza kushuka kwenye damu na moyo ukasimama. Ndiyo maana daktari hupima damu na moyo kwanza.

Mimi naingilia kwa wazazi.

Mwaka 1874 William Gull, daktari wa hapa London aliyeupa ugonjwa huu jina la anorexia nervosa, aliandika kwamba ndugu na marafiki kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Mawazo hayo yalidumu. Hata Salvador Minuchin, mtaalamu wa tiba ya familia kule Philadelphia, Marekani, ambaye miaka ya 1970 alikuwa anakula chakula cha mchana na familia ndani ya kliniki, aliamini kasoro imo katika mahusiano ya familia yenyewe. Wazazi wangapi wameondoka hospitalini wakiambiwa wao ndio wamemwua mtoto wao! Waliogeuza jambo hili ni timu ya hospitali ya Maudsley, kusini mwa London, akina Christopher Dare, Ivan Eisler na Gerald Russell. Mwaka 1987 walichapisha utafiti wa wagonjwa 80 waliotoka wodini. Vijana walioanza kuugua wakiwa wadogo, na ugonjwa ukiwa haujafikisha miaka mitatu, walipona vizuri zaidi kwa tiba ya familia kuliko kwa kukaa na mshauri peke yao. Tangu hapo mzazi akawa ndiye mganga mkuu.

Siku ya kwanza wanakuja wote wanaoishi nyumba moja. Hatutafuti nani kakosea. Tunawaambia ugonjwa ni kitu kimoja na mtoto wao ni mwingine, na kwamba mtoto ameshindwa kupambana nao peke yake. Kuanzia siku hiyo wazazi ndio wanaoamua chakula: kipi, kiasi gani, saa ngapi, na wanakaa naye mpaka sahani iishe. Ni milo mitatu na vitafunwa katikati, kila siku, kwa wiki nyingi.

Kikao cha pili wanaleta chakula kliniki. Hapo ndipo kazi yangu ilipo, na sijawahi kuizoea. Baba anabembeleza, mama anatazama sakafu. Mtoto anasema ameshiba, anasema kuku ana mafuta, analia, anatukana. Nimeona sahani ikirushwa ukutani. Mimi sishiki kijiko. Nakaa karibu na wazazi, nawaambia wasogee wakae upande huu na huu wa mtoto, waseme neno moja, wasipishane, wasibishane naye kuhusu mafuta. Tunachotafuta ni tonge moja zaidi ya alilokusudia kula. Tonge moja tu. Wadogo zake hawapewi kazi ya kumlazimisha. Wao ni wa kumfariji baadaye. Wazazi wakiona wameweza mara moja, nyuso zao zinabadilika mbele yangu, na wanarudi nyumbani wakiwa watu wengine. Uzito ukisharudi, madaraka anarudishiwa mtoto kidogo kidogo, na mwisho ndipo tunazungumza habari za ujana wake, shule, marafiki. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa 2017 unataka vikao 18 hadi 20 ndani ya mwaka.

Mnaniuliza kwa nini tusianze na mazungumzo. Kwa sababu njaa yenyewe inaharibu akili. Mwaka 1944 na 1945 kule Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema kwa karibu miezi sita. Wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi, wanajitenga, wanakasirika ovyo. Hawakuwa na ugonjwa wa akili. Walikuwa na njaa. Mtoto wa kilo 35 hawezi kujadiliana nami kwa akili yake timamu.

Si wote wanaopona, msidanganyike. Katika utafiti wa Chicago na Stanford uliochapishwa 2010, vijana 121, mwaka mmoja baada ya tiba waliopona kabisa kwa njia hii walikuwa asilimia 49, dhidi ya 23 waliotibiwa peke yao. Ni zaidi ya mara mbili. Lakini nusu nyingine wana majina, nawajua wangu.

Na hapa elimu ya Kijitonyama inaingia. Tiba hii inadhani kuna mzazi anayeweza kukaa mezani mchana. Mama anayelea peke yake na anayelala mchana kwa sababu usiku anahudumia wazee, afanyeje? Naandika barua kwa mwajiri, nakubaliana na shule ili mwalimu akae na mtoto saa ya chakula, nafuatilia posho anazostahili, namtafuta shangazi. Bila hayo, vikao ni maneno matupu.

Kuhusu Wazungu: visiwani Fiji, mwili mnene ulikuwa sifa, na katika eneo la Nadroga televisheni ilifika 1995. Mtafiti Anne Becker alipowauliza wasichana wa shule wa huko mwaka huo, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Sasa fikirieni simu iliyo mkononi mwa binti yenu. Familia zetu Waafrika nazipokea huku, na mara nyingi zinafika zimechelewa, kwa kuwa zilianza na maombi na viboko.

Mshahara: mwaka 2024/25 daraja la 7 la NHS lilianzia pauni 46,148 kwa mwaka, na London kuna nyongeza. Ukitoa kodi ya mapato, bima ya taifa, pensheni na pango, unaishi vizuri, lakini hujengi ghorofa. Na huingii moja kwa moja. Lazima usajiliwe na Social Work England, chombo kinachosajili maofisa ustawi wa jamii, cheti chako kikaguliwe, Kiingereza kipimwe. Kuwa mtaalamu kamili wa tiba ya familia ni takriban miaka minne zaidi ya kusoma huku unafanya kazi. Wakala akikuambia ni miezi mitatu, mkimbie. Upweke nao upo: kutwa nzima nawaambia watu wale pamoja, kisha nafika nyumbani saa mbili usiku, nakula peke yangu.

Sasa wewe wa mtoto wa dada. Kidato cha tatu, amerudi bweni amekonda, Ramadhani imekwisha lakini anaendelea kufunga, anavaa sweta kwenye joto la Dar. Msimpige wala msimwambie amependeza. Wiki hii, si mwezi ujao, mpelekeni hospitali, na mwombe wapime mapigo ya moyo, presha na damu, pamoja na fosfati na potasiamu. Akizimia au moyo ukienda polepole sana, alazwe. Mweleze daktari wazi kwamba mtoto hali chakula, maana yeye mwenyewe atasema anakula. Dada yako na shemeji wakubaliane kabla hawajakaa naye mezani, na asirudi bweni kwa sasa. Wape namba yangu. Jumamosi nipo siku nzima, wanipigie wote wawili wakiwa pamoja.