Unataka kuandika historia ya skauti wa mtaa wenu? Acha kuuliza miaka

Mimi nilikuwa Chipukizi halafu Mwamba hapa Nairobi. Kwa wasiojua, hayo ni majina ya rika za skauti Kenya, wadogo kabisa wanaitwa Sungura na wale wakubwa walioshamaliza sekondari ni Jasiri. Juzi juzi nikajiambia nitaandika historia ya kundi letu la Eastlands kabla wazee hawajatuishia, nikanunua daftari kubwa, nikachora jedwali la miaka, nikaanza kuzunguka. Nilifeli vibaya, so hapa nakupa makosa yangu ndo wewe usiyarudie.

La kwanza, nilikuwa natua kwa mzee wa watu na swali moja tu, "mlianza mwaka gani?" Anaguna, anaangalia dari, halafu anakutajia mwaka wowote ili umalize chai yako uende. Wazee wanne, miaka minne tofauti.

Kilichonifungua macho ni mzee mmoja wa Makadara. Nilimpa mkono wa kulia kama mtoto aliyelelewa, yeye akaninyooshea wa kushoto, nikashtuka kidogo, nikadhani nimemkosea. Kumbe ni salamu ya skauti! Mimi niliyetoka juzi nimeisahau na yeye wa enzi za mkoloni bado anayo mkononi. Nikatoa skafu yangu kwa mfuko nikaiweka mezani. Akaichukua, akaitandaza kwa goti, akaanza kuikunja kutoka upande mpana, polepole, mpaka ikabaki ncha ndogo kama mkia wa panya, na huku anakunja anaongea bila kuulizwa: nani alikuwa anaiba sukari kempu, vile walitembea kutoka Kaloleni hadi kambi ya Rowallan na sufuria kichwani, skafu yao ilikuwa rangi gani. Hiyo rangi ishike hapo hapo, juu picha zote za wakati huo ni nyeusi na nyeupe, hutaipata kwingine.

Kwa hivyo beba kitu. Skafu, kamba, beji, hata filimbi. Mikono inakumbuka kushinda kichwa.

Miaka utaisaka mwenyewe baadaye. Mfano, ile kambi ya Rowallan tunayoijua wote, kando ya msitu pale Jamhuri, imebeba jina la Lord Rowallan ambaye alikuwa Skauti Mkuu kule Uingereza kuanzia 1945 hadi 1959. Sasa mzee akikwambia alilala "Rowallan" 1938, kuna kitu kimechanganyika, ama mwaka ama jina. Usimbishie, weka tu alama ya kuuliza pembeni uendelee kunywa chai. Vyeti pia vinasaidia, ukiona jina la chama cha Waingereza ujue ni cha ukoloni, kwa sababu Kenya ilitambuliwa kivyake na shirika la skauti la dunia 1964, baada ya uhuru.

Halafu usiandike tangazo. Skauti ilifika Kenya 1910, miaka 3 tu baada ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kupeleka vijana wake wa kwanza kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, lakini ilianza kama kitu cha watoto wa wazungu, na Waafrika na Wahindi walipoingia, kila rangi ilikuwa na makundi yake. Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, serikali ya mkoloni iliwafundisha uskauti hata vijana iliowafungia kambi ya Wamumu. Ndo maana utapata mzee anakwambia skauti ilimfanya mtu, na jirani yake mlango wa pili anasema hayo yalikuwa mambo ya mkoloni na hakuruhusu watoto wake wajiunge. Mimi huyo wa pili nilimruka kwenye rasimu ya kwanza. Mamangu akasoma akaniuliza, "hii ni historia ama mnauza yunifomu?" Nikarudi kwa huyo mzee na mkate na maziwa.

Picha: toa kwa albamu, ile plastiki inang'aa na itaharibu kila kitu. Piga mbele NA nyuma, nyuma ndo kuna muhuri wa studio na majina ya penseli. Na usiseme utarudi wiki ijayo. Kuna shule moja niliambiwa ina daftari la kundi tangu zamani, nikasema nitapita muhula ukifungwa, nilipofika stoo ilikuwa imepakwa rangi na makaratasi yote yamechomwa. Niliketi hapo nje kwa tofali karibu nusu saa.

Ukishakuwa na majina ndo uende makavazi ya taifa, lile jengo lililokuwa Bank of India, pale Moi Avenue. Ukienda bila majina utapotea humo.

Na kama unaweza, tarehe 22 Februari panda matatu ya Nyeri. Ni siku ya kuzaliwa ya Baden-Powell, alifariki huko 1941 na kaburi lake lina ile alama ya njia, duara na nukta katikati, yaani nimeenda nyumbani. Maskauti wa zamani huja wengi. Mimi nilienda na picha yetu ya vijana sita nikaipitisha kwa kila mwenye mvi niliyemwona, nikapata majina mawili. Wa tatu kutoka kushoto, mwenye soksi moja imeshuka, bado namtafuta.